Mstari mmoja tu katika SQL, na namna ya kuhakikisha ni ule unaoutaka

Kuomba mstari mmoja kutoka kwenye hifadhidata ni kazi ya maneno mawili: unamalizia swali lako kwa `LIMIT 1`, basi. Wengi wetu tulijifunza hilo siku za mwanzo za SQL na hatujalirudia tangu hapo. Tatizo huja baadaye, tena kimyakimya: mstari unarudi, una tarehe, una namba, unapendeza machoni, ila siyo wenyewe. Hakuna ujumbe wa kosa, kwa kuwa hifadhidata haijakosea. Uliomba mmoja, ukapewa mmoja, upi, hukusema.

Nikisema "mstari" hapa, namaanisha rekodi moja ya jedwali, ile inayolala. "Safu" ni ile inayosimama wima. Najua wapo wanaoyatumia maneno haya kinyume, kwa hiyo tuelewane mapema.

Jedwali letu ni hili:

```sql
CREATE TABLE vipimo (
  id        INTEGER PRIMARY KEY,
  kituo_id  INTEGER NOT NULL,
  wakati    TIMESTAMP NOT NULL,
  joto      NUMERIC(4,1)
);
```

Kuna vituo kadhaa, na kila kimoja hutuma kipimo cha joto kila baada ya dakika 10. Kihisi kikikwama, mstari unaingia hivyo hivyo, ila safu ya `joto` inabaki NULL, yaani bila thamani yoyote. Ukiwa kwenye SQL Server weka `DATETIME2` mahali pa `TIMESTAMP`. Huko `TIMESTAMP` ni kitu kingine kabisa, hakihusiani na saa.

Hatua ya 1: Jiulize kwa nini unataka mmoja

Usiruke hatua hii. Huenda unataka mmoja kwa sababu wapo wengi na unamhitaji wa mwisho au wa juu kabisa. Huenda ni kwa sababu unajua hawezi kuwepo zaidi ya mmoja. Huenda unataka tu kujua kama yupo hata mmoja, wala huna haja na yaliyomo ndani yake. Au unataka mmoja kwa kila kituo, na hilo ni jambo jingine kabisa. Haja hizi nne hazitatuliwi kwa dawa moja, na `LIMIT 1` inafaa moja tu kati yake, ile ya kwanza.

Hatua ya 2: Tumia kishazi ambacho hifadhidata yako inakielewa

Kwenye PostgreSQL, MySQL, MariaDB na SQLite:

```sql
SELECT id, wakati, joto
FROM vipimo
WHERE kituo_id = 7
ORDER BY wakati DESC
LIMIT 1;
```

Kwenye SQL Server idadi hutajwa mwanzoni:

```sql
SELECT TOP (1) id, wakati, joto
FROM vipimo
WHERE kituo_id = 7
ORDER BY wakati DESC;
```

Kiwango rasmi cha SQL hakina `LIMIT` wala `TOP`. Toleo la 2008 la kiwango hicho ndilo lililoleta maneno marefu zaidi:

```sql
SELECT id, wakati, joto
FROM vipimo
WHERE kituo_id = 7
ORDER BY wakati DESC
FETCH FIRST 1 ROW ONLY;
```

Haya yanafanya kazi kwenye Db2, kwenye PostgreSQL, na kwenye Oracle kuanzia 12c. SQL Server inayakubali tangu toleo la 2012, ila kwa sharti kwamba uwe na `ORDER BY` na utangulize `OFFSET 0 ROWS`. MySQL na SQLite hazina habari nayo.

Ukirithi msimbo wa zamani wa Oracle utakutana na `ROWNUM`, na hapo ndipo wengi hunaswa. Tazama swali hili:

```sql
SELECT id, wakati, joto
FROM vipimo
WHERE kituo_id = 7 AND ROWNUM = 1
ORDER BY wakati DESC;
```

Linasomeka vizuri, lakini jibu lake ni bahati nasibu. Oracle huipa mistari namba za `ROWNUM` inapoichuja, kabla ya kuipanga. Kwa hiyo inachukua mstari wowote wa kituo cha 7 unaotangulia kuonekana, kisha inaupanga huo mmoja peke yake. Dawa ni kupanga ndani na kuhesabu nje:

```sql
SELECT * FROM (
  SELECT id, wakati, joto
  FROM vipimo
  WHERE kituo_id = 7
  ORDER BY wakati DESC
)
WHERE ROWNUM = 1;
```

Usijaribu `ROWNUM = 2` ukitarajia mstari wa pili. Hautarudi kamwe, kwa kuwa namba 2 hutolewa baada ya mstari mwingine kupita ukiwa na namba 1, na sharti lako limemzuia huyo wa kwanza mlangoni.

Hatua ya 3: Sema ni upi

Edgar Codd alipoandika mwaka 1970 juu ya data iliyopangwa kwa majedwali, jedwali kwake lilikuwa seti, na seti haina wa kwanza wala wa mwisho. Wazo hilo bado liko hai ndani ya kila hifadhidata ya SQL. Bila `ORDER BY`, mistari inaruhusiwa kuja kwa mpangilio wowote, leo huu na kesho ule.

Linasikika kama nadharia hadi ulione. Fungua PostgreSQL, tengeneza jedwali lile, kisha fanya haya:

```sql
INSERT INTO vipimo VALUES
  (1, 7, '2024-03-01 06:00', 21.0),
  (2, 7, '2024-03-01 06:10', 21.2),
  (3, 7, '2024-03-01 06:20', 21.4);

SELECT id FROM vipimo LIMIT 1; -- 1

UPDATE vipimo SET joto = 20.9 WHERE id = 1;

SELECT id FROM vipimo LIMIT 1; -- 2
```

Hujafuta kitu, hujaongeza kitu, umesahihisha namba moja tu, na "wa kwanza" amebadilika. PostgreSQL haiandiki juu ya mstari wa zamani: `UPDATE` huandika nakala mpya mahali pengine kwenye faili, na ile ya zamani hubaki kama gamba mpaka isafishwe. Nakala mpya ya mstari wa 1 sasa imekaa nyuma ya mstari wa 3, na msomaji anayeanza mwanzo wa faili anakutana na wa 2.

Hii ilinipata. Nilikuwa na skrini inayoonyesha kipimo cha mwanzo wa siku, na swali lake halikuwa na `ORDER BY`. Ilikwenda sawa kwa miezi, kwa sababu hakuna aliyegusa mistari ya zamani. Siku tuliyoendesha msimbo wa kusahihisha joto la kihisi kimoja kilichokuwa kikisoma juu, skrini ikaanza kuonyesha saa nne asubuhi kama mwanzo wa siku. Nilipoteza muda mrefu nikichunguza msimbo wa kusahihisha, ambao haukuwa na hatia yoyote.

MySQL inaweza kukudanganya kwa muda mrefu zaidi. InnoDB, injini yake ya kawaida ya kuhifadhi data, hupanga mistari kwa ufunguo wa msingi (`PRIMARY KEY`), kwa hiyo `LIMIT 1` bila mpangilio mara nyingi hurudisha `id` ndogo kabisa na wewe unazoea. Ongeza faharasa (index, orodha iliyopangwa ya kutafutia haraka) kwenye `kituo_id`, kisha uliza `SELECT kituo_id FROM vipimo LIMIT 1`. Hifadhidata ina haki ya kusoma faharasa ile ndogo badala ya jedwali zima, na hapo mpangilio ni wa vituo, si wa `id`.

Haya, umeweka `ORDER BY wakati DESC`. Je, mistari miwili ikiwa na wakati ule ule? Hutokea: kituo kikituma tena kipimo kwa sababu mtandao ulikatika, mistari miwili inafanana hadi kwenye sekunde. Umerudi kwenye bahati nasibu, safari hii ndogo zaidi na ngumu zaidi kuigundua. Malizia kwa safu isiyojirudia:

```sql
ORDER BY wakati DESC, id DESC
LIMIT 1
```

Mimi huongeza `id` hata pale ninapoamini wakati haujirudii. Ni herufi chache, na imani zangu kuhusu data zimewahi kuniangusha.

Kisha kuna NULL. Ukitaka kipimo cha joto la juu kabisa, utaandika `ORDER BY joto DESC LIMIT 1`. Kwenye PostgreSQL na Oracle, NULL huhesabiwa kuwa kubwa kuliko thamani zote, hivyo kihisi kilichokwama ndicho kitashinda na utapata mstari usio na joto. Kwenye MySQL, SQLite na SQL Server NULL ni ndogo kuliko zote, kwa hiyo swali lile lile linatoa jibu sahihi, na ukiuliza joto la *chini* kabisa ndipo utakapokwama. Ongeza `WHERE joto IS NOT NULL`, itafanya kazi popote. `NULLS LAST` ipo pia kwenye PostgreSQL, Oracle na SQLite za karibuni, lakini sharti la `WHERE` linasema wazi zaidi unachokitaka.

Na kama joto la juu limefikiwa mara tatu, na zote tatu zina maana kwako, basi hutaki mstari mmoja. SQL Server ina `TOP (1) WITH TIES`. PostgreSQL kuanzia 13 na Oracle kuanzia 12c zina `FETCH FIRST 1 ROW WITH TIES`. Hapo usiweke `id` kwenye mpangilio, la sivyo hakutakuwa na sare hata moja.

Hatua ya 4: Kama anapaswa kuwa mmoja tu, usiweke kikomo

Hapa nina ugomvi na msimbo mwingi ninaousoma. Mtu anatafuta mtumiaji kwa barua pepe:

```sql
SELECT id, jina FROM watumiaji
WHERE barua_pepe = 'x@example.com'
LIMIT 1;
```

Ukimuuliza `LIMIT 1` ni ya nini, atakwambia, "Nataka mmoja." Lakini kama barua pepe haijirudii, kikomo hakina kazi. Na kama inajirudia, kikomo kinaficha hitilafu kubwa: una akaunti mbili za mtu mmoja, na kila akiingia anapewa moja wapo kadiri hifadhidata inavyoamka siku hiyo. Leo anaona ujumbe wake, kesho hauoni.

Weka sharti la upekee kwenye jedwali lenyewe:

```sql
ALTER TABLE watumiaji
ADD CONSTRAINT barua_pepe_moja UNIQUE (barua_pepe);
```

Amri ikikataa, ina maana marudio tayari yapo, na ni heri uyajue sasa. Kisha ondoa `LIMIT 1`, na msimbo unaosoma jibu upige kelele ukipata mistari miwili.

Hifadhidata nyingi zenyewe hupiga kelele pale swali la ndani linapotakiwa kutoa thamani moja likatoa mbili. MySQL hurudisha kosa namba 1242, SQL Server namba 512, Oracle ORA-01427, na PostgreSQL nayo hukataa. SQLite hunyamaza na kuchukua wa kwanza. Ukiwa unajaribu programu yako kwenye SQLite na kuipeleka kwenye PostgreSQL, tofauti hii itakungoja upande wa pili. Angalia pia PL/pgSQL, lugha ya kuandika programu ndani ya PostgreSQL: `SELECT ... INTO` hubeba mstari wa kwanza bila neno, isipokuwa umeandika `INTO STRICT`. Oracle katika PL/SQL, lugha yake ya aina hiyo, hufanya kinyume, inasimama na ORA-01422.

Onyo hilo hilo kwa `JOIN`. Mistari ikiongezeka ghafla baada ya kuunganisha majedwali, mara nyingi chanzo ni sharti la kuunganisha lililopungukiwa safu. `LIMIT 1` juu yake ni kufunika shimo kwa mkeka.

Hatua ya 5: Kama unauliza tu "yupo?", tumia EXISTS

```sql
SELECT EXISTS (
  SELECT 1 FROM vipimo
  WHERE kituo_id = 7 AND joto > 40
);
```

Inasimama mara inapopata mmoja, na jibu ni ndiyo au hapana. Hakuna haja ya `LIMIT` ndani, wala ya kupanga. Kwenye SQL Server iweke ndani ya `CASE WHEN EXISTS (...) THEN 1 ELSE 0 END`. Kilicho kibaya ni `COUNT(*)` ikifuatiwa na kulinganisha na sifuri: unailazimisha hifadhidata kuhesabu magunia yote ili kujua kama ghala lina gunia.

Hatua ya 6: Jiandae kwa kutopata kitu

`LIMIT 1` ina maana ya "usizidi mmoja". Kituo kipya ambacho hakijatuma chochote kitarudisha mistari sifuri, na msimbo unaochukua jibu la kwanza bila kuangalia utaanguka. `MAX` ina tabia tofauti:

```sql
SELECT MAX(wakati) FROM vipimo WHERE kituo_id = 99;
```

Hapa utapata mstari mmoja daima, hata kama kituo cha 99 hakipo; ndani yake mna NULL. Kama unachohitaji ni thamani moja tu, `MAX` au `MIN` ni fupi na haihitaji mpangilio. Ukihitaji na safu nyingine za mstari ule ule, rudi kwenye `ORDER BY`. Usiandike `SELECT MAX(wakati), joto` ukidhani joto litakuwa la wakati huo: PostgreSQL, SQL Server na Oracle hukataa, na MySQL nayo hukataa kwa mipangilio yake ya kawaida tangu 5.7. Za zamani zilikubali na kukuokotea joto lolote.

Hatua ya 7: Mmoja kwa kila kituo

`LIMIT 1` hukata jibu zima, haikati kila kikundi. Njia inayokwenda karibu kila mahali ni kuipa mistari namba ndani ya kila kituo, kisha kubakisha namba 1:

```sql
SELECT kituo_id, wakati, joto
FROM (
  SELECT kituo_id, wakati, joto,
         ROW_NUMBER() OVER (
           PARTITION BY kituo_id
           ORDER BY wakati DESC, id DESC
         ) AS nafasi
  FROM vipimo
) p
WHERE nafasi = 1;
```

MySQL ilipata `ROW_NUMBER` kwenye toleo la 8.0, na SQLite kwenye 3.25, zote ni za mwaka 2018. PostgreSQL ina njia yake ya mkato:

```sql
SELECT DISTINCT ON (kituo_id) kituo_id, wakati, joto
FROM vipimo
ORDER BY kituo_id, wakati DESC, id DESC;
```

Vituo vikiwa vichache na vipimo mamilioni, njia hizi mbili zinaweza kusoma jedwali zima bure. Hapo ni nafuu kupita kituo kimoja kimoja ukichukua cha mwisho chake (`vituo` ni jedwali lenye mstari mmoja kwa kila kituo):

```sql
SELECT v.id, p.wakati, p.joto
FROM vituo v
LEFT JOIN LATERAL (
  SELECT wakati, joto FROM vipimo
  WHERE kituo_id = v.id
  ORDER BY wakati DESC, id DESC
  LIMIT 1
) p ON true;
```

`LEFT` inakibakiza hata kituo kisicho na kipimo. Kwenye SQL Server, `OUTER APPLY` na `TOP (1)` hufanya kazi hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Ipe faharasa inayofanana na swali

```sql
CREATE INDEX vipimo_cha_mwisho
ON vipimo (kituo_id, wakati DESC, id DESC);
```

Safu ya kuchuja inatangulia, za kupanga zinafuata. Kwa faharasa hii hifadhidata inaruka hadi kituo cha 7, inachukua mstari wa kwanza, inaondoka. Bila hiyo, inasoma vipimo vyote vya kituo ili imjue wa mwisho; kikomo kinapunguza unachopokea, hakipunguzi kazi ya kutafuta.

Wakati mwingine kikomo chenyewe ndicho huleta uzito. Tuseme faharasa uliyonayo ni ya `wakati` peke yake. PostgreSQL ikiona `LIMIT 1` inaweza kukisia kwamba ikitembea juu ya faharasa hiyo kutoka mwisho, itakutana na kituo cha 7 haraka. Kama kituo hicho kilizimwa mwaka jana, itapita mistari ya mwaka mzima ya vituo vingine kabla ya kumpata. Swali lisilo na kikomo linajibu upesi, lenye `LIMIT 1` linasuasua, na mtu anabaki akikuna kichwa. Endesha `EXPLAIN ANALYZE` utazame ni faharasa ipi imetumika na mistari mingapi imetupwa na kichujio.

Hatua ya 9: Kufuta au kuchukua mmoja

MySQL inakubali `DELETE FROM vipimo WHERE ... ORDER BY wakati LIMIT 1`. PostgreSQL haikubali, mtaje anayefutwa kwa ufunguo wake:

```sql
DELETE FROM vipimo
WHERE id = (
  SELECT id FROM vipimo
  WHERE kituo_id = 7
  ORDER BY wakati, id
  LIMIT 1
);
```

Kwa foleni ya kazi zinazogombewa na programu kadhaa kwa wakati mmoja, hilo halitoshi, kwani wawili wanaweza kumwona "wa kwanza" yule yule. PostgreSQL tangu 9.5 na MySQL tangu 8.0 zina hili:

```sql
BEGIN;
SELECT id FROM kazi
WHERE hali = 'inasubiri'
ORDER BY iliingia, id
LIMIT 1
FOR UPDATE SKIP LOCKED;
-- fanya kazi, badilisha hali, kisha
COMMIT;
```

Anayefika kwanza anaufunga mstari, anayefuata anauruka na kuchukua unaofuatia. Programu ikifa katikati na muunganisho wake ukakatika, kufuli linaachiliwa na kazi inarudi kwenye foleni yenyewe. Weka muamala, yaani yote yaliyo kati ya `BEGIN` na `COMMIT`, uwe mfupi. Kazi ya nusu saa ndani yake itakushikia mistari na kuzuia usafi wa jedwali. Kwa kazi ndefu, badilisha hali iwe 'inafanywa' pamoja na saa ilipochukuliwa, funga muamala, ndipo uanze kazi yenyewe. Ila sasa programu ikifa, kazi haitajirudisha yenyewe: itabidi uwe na swali jingine linalozitafuta zilizochukuliwa muda mrefu bila kumalizika na kuzirudisha kwenye 'inasubiri'.